Familia ya Dirishani

Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Yaani mtu asome miaka yote hiyo, aishie kuvalisha midoli? Binti alifunga virago, akahamia mji asikomjua mtu, akapokelewa kwa majaribio katika duka la nguo. Apambe dirisha la mbele: likivuta watu, kazi ni yake, lisipovuta, arudi kwa shangazi akachekwe vizuri.

Kazi ya dirisha ni ya watu wawili. Mmoja hupanga ndani, mwenzake husimama barabarani akimwelekeza kwa mikono. Yeye hakuwa na mwenzake. Wauzaji hawakuwa wabaya, ila mchana walikula kwa makundi yaliyokwisha jaa kabla hajafika. Basi akaziba kioo kwa karatasi, maana hata sanamu za kuvalishia nguo zina heshima zao, hazivuliwi hadharani, akajifungia humo na sanamu zake nne.

Haikupita muda akaanza kuzisalimia. Mwenye kifua kipana akamwita Baba, aliyemeguka kidole akamwita Mama, wale wadogo wakawa wadogo zake. Aliwavika masweta, akawaketisha mezani, Mama kainamisha kichwa kama anayesikiliza, Baba kama mwenye neno la kusema. Kiti kimoja alikiacha wazi, na wote wakakielekea. Mchana alikalia kiti hicho akala mkate wake, na kwa mara ya kwanza tangu ahame, chakula kilishuka.

Siku ya kubandua karatasi, meneja, mwanamke asiyepoteza maneno, alitoka naye hadi ng'ambo ya barabara. Watu walipita na hamsini zao. Hakuna aliyegeuza shingo. Binti akatazama, na hapo ndipo moyo ulipomshuka: barabarani ilionekana migongo mitupu. Sura zote, na uzuri wote, vilikuwa vimeelekea ndani.

"Umempambia nani hili dirisha?" meneja akauliza.

Alitaka kusema wateja, akaona ni uongo.

"Nimejipambia mwenyewe."

Meneja alijibu bila ukali. "Basi wageuze. Mpaka mchana uwe umemaliza."

Aliwageuza mmoja mmoja. Wadogo hawakumsumbua. Baba alikuwa mzito, akamburuta huku akimwomba radhi. Mama alikwama kiunoni, ikabidi amkumbatie ndipo azunguke, na alipokwisha kuzunguka binti hakumwachia upesi.

Mwanamke aliyekuwa akipita akasimama. Mwanawe akampungia Mama wa dirishani mkono, akacheka. Wakaja wengine, wakajaa mbele ya kioo, na nyuma yao meneja akaitikia kwa kichwa mara moja.

Kazi ilikuwa yake. Binti alifurahi, akaigeukia familia yake ya dirishani kutafuta wa kumwambia. Wote walikuwa wamempa mgongo.