Aibu ya Maiti

Mzee Mrisho alizisugua kucha za marehemu mara tatu, na rangi haikutoka. Maji ya mkunazi yalipita, sabuni ikapita, kitambaa kikapita, kucha zikabaki na rangi yake ya zambarau. Midomo nayo vilevile. Alipokiinua kichwa cha kijana ili maji yasiingie puani, aliona povu jepesi limerudi tena pembeni mwa mdomo. Akalifuta haraka kabla Mahmoud, baba wa marehemu, aliyekuwa akimimina maji kwa kata, hajaliona.

Mahmoud alikwisha kuliona.

"Malaria," alisema, na wala hakuna aliyemuuliza. "Ilimpanda kichwani."

"Mungu amrehemu Abuu," akajibu Mzee Mrisho, akaendelea kuosha.

Huyu alikuwa wa tatu ndani ya siku tisa. Wa kwanza, Sadallah wa mtaa wa Magomeni hapohapo mjini, familia ilisema ni presha. Presha, kijana wa miaka ishirini na minne! Wa pili alikuwa fundi rangi, ikasemwa kaanguka bafuni. Wote watatu kucha zilezile, povu lilelile, na kitone cha sindano katikati ya vidole vya mguu, mahali ambapo mama wa mtu hafikirii kuchungulia. Mzee Mrisho hakuwa daktari, lakini aliyeosha maiti Bagamoyo kwa miaka thelathini na moja hafundishwi malaria inauaje.

Ulikuwa unga, ule wa kulevya. Tena si ule waliouzoea, unaomla mtu polepole mpaka abaki mifupa na maneno. Huu mpya uliua siku hiyohiyo.

Angeweza kusema. Lakini aseme vipi? Mwosha maiti ana amana yake: kinachoonekana chini ya shuka hubaki chini ya shuka. Akiona nuru usoni pa marehemu atangaze, akiona aibu aisitiri. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kwa hilo alipendwa mji mzima. Isitoshe, familia zilikuwa na sababu. Neno "unga" likitamkwa, askari wanakuja, nyumba inapekuliwa, maiti inapelekwa kupasuliwa na maziko yanalala. Nani atake hayo juu ya msiba? Basi ikawa presha, ikawa bafu, ikawa malaria, na watu wakala wali wa matanga wakatawanyika.

Alipomfunga Abuu sanda, fundo lilimshinda, akalifungua akalifunga upya. Tuseme kweli: hakuwa akimlilia Abuu. Alikuwa akimuwaza Najim.

Najim alikuwa mwanawe wa mwisho. Ukimuuliza Mzee Mrisho, alikuwa Kerege akifyatua matofali. Ukimuuliza mkewe, Bi Mardhiya, atakwambia hivyohivyo, tena kwa sauti moja, maana walikuwa wamekwisha kukubaliana. Ukweli ni kwamba Najim hakuwahi kugusa tofali lolote la Kerege. Alikuwa palepale mjini, akilala huku na huku na wenzake, na simu yake haikupatikana tangu Jumanne.

Alitoroka nyumbani baada ya kisa cha koki. Miezi mitano nyuma, mateja, walevi wa unga, waling'oa koki zote za kutawadhia msikitini wakaziuza kama vyuma chakavu, na waumini wakaamkia ndoo. Mji ulichafuka. Katika mkutano wa mtaa Mzee Mrisho ndiye aliyesimama kwanza. Yeye, mpole wa watu, alisema kila anayetumia unga, atakapoonekana popote, hata akiwa hospitali, jina lake lipelekwe kwa askari. Watu walimpigia makofi. Sista Gertruda, muuguzi wa hospitali, mwanamke wa kutoka bara aliyekuwa na tabia ya kusema yale watu wasiyotaka kuyasikia, alinyoosha mkono akasema mlevi wa unga ni mgonjwa, na sheria imwache yeye, imfuate muuzaji.

"Leo tumwache mlevi," Mzee Mrisho alimjibu, "kesho unga uuzwe dukani, uwekwe na sukari!"

Mkutano ukaangua kicheko, azimio likapita. Aliporudi nyumbani alikuta Najim kaondoka, na kitandani pake kaacha koki moja ya shaba. Mzee Mrisho aliitupa chooni, hakumwambia mtu.

Siku ya pili baada ya kumzika Abuu alijikuta yuko getini pa hospitali. Hakujua amefuata nini. Alizunguka pale hadi Sista Gertruda alipotoka zamu ya asubuhi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Kazi tunashukuru. Mzee, afadhali nimekuona. Nasikia vijana watatu wamezikwa ndani ya wiki mbili. Wewe ndiye uliyewaosha?"

"Ndiye."

"Walikufa kwa nini?"

Neno lilimjia Mzee Mrisho hadi kwenye ulimi. Akamwona Mahmoud na kata yake mkononi.

"Malaria," alisema. "Mmoja presha."

Sista Gertruda alimvuta pembeni ya geti. "Mzee, sikuulizi kwa umbeya. Mtu akizidiwa na unga, dawa ya kumrudisha ninayo mle kabatini. Akiwahi, anaamka huku tunamwangalia. Lakini hawaji. Tangu lile azimio lenu sijamwona hata mmoja, na askari anakaa pale mlangoni na daftari lake. Na kama kuna unga mbaya umeingia mji huu, wale wanaoutumia wangeambiwa, wangeogopa. Nani atawaambia, kama kila mtu kafa kwa malaria?"

"Kwa hiyo wewe unataka uhalalishwe?"

"Nataka wasife, mzee. Hayo ya kuhalalisha waamue wakubwa. Mimi hata sijui kama ni sawa. Najua tu kwamba maiti haiachi unga."

Mzee Mrisho alicheka kidogo, cheko la adabu, akaaga. Njiani mara mbili alisimama akageuka nyuma, na mara mbili akasema moyoni, kesho. Nitarudi kesho.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa akinywa chai simu ilipolia. Namba hakuijua.

"Shikamoo, mzee. Adamu hapa. Kuna mtu huku Nianjema, kwenye lile pagala nyuma ya mashine ya kusaga. Njoo upesi."

Simu ikakatika.

Watu wakimpigia Mzee Mrisho na kusema "kuna mtu", maana yake ni moja tu. Alinyanyuka akauchukua mkoba wake: sanda, pamba, karafuu maiti, udi, sabuni. Bi Mardhiya alimzuia mlangoni.

"Ni nani, Baba Najim?"

"Hawakusema."

"Na wewe hukuuliza?"

Hakuuliza kwa sababu aliogopa kujibiwa, na mkewe alilijua hilo, maana aliachia mlango akakaa chini palepale kizingitini, mtandio mdomoni.

Kwenye bajaji alijaribu kusoma Yasini, akaipoteza katikati. Akaanza upya, akaipoteza tena. Wahenga walisema mwosha huoshwa, na yeye miaka yote alidhani wanamsema yeye. Wala hakupata kuwaza kwamba kuna kuoshewa mtoto. Alimwomba Mungu awe mtoto wa mtu mwingine, yeyote, kisha akaona haya kwa dua aliyoiomba, na akaiomba tena.

Pagala halikuwa na paa. Adamu, rafiki wa Najim tangu chuoni kwa maalimu, alikuwa amesimama mlangoni amejikumbatia. Ndani, juu ya boksi lililokunjuliwa, alilala Najim. Midomo ilikuwa ya zambarau. Mzee Mrisho alipiga magoti, akaushika mkono wa mwanawe, akatazama kucha.

Ndipo akasikia mkoromo. Hafifu, ukakata, kimya kikawa kirefu kupita kiasi, kisha mwingine.

"Mbona huyu hajafa!" alipiga ukelele. "Adamu! Mtu anapumua, wewe unamwita mwosha maiti?"

"Tuliogopa, mzee," Adamu alisema huku akilia. "Tukimpeleka hospitali tunakamatwa wote. Wenzangu wamekimbia. Mimi nikaona nikuite wewe. Wewe huwa husemi."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Mrisho pabaya, lakini hapakuwa na nafasi ya kuchomwa. Walimbeba, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakamlaza kwenye kiti cha bajaji iliyokuwa bado inangoja nje. Kichwa kilikuwa kikining'inia, Mzee Mrisho akakiwekea ule mkoba chini, ukawa ndio mto. Adamu alisita. Kisha akaingia naye, akakaa amejikunja karibu na dereva.

"Tukifika sema malaria, mzee," alinong'ona. "Wewe wanakuamini."

Na kweli wangemwamini. Hilo ndilo lililomtisha njia nzima. Alihesabu mikoromo: mmoja, wa pili, na wa tatu ukachelewa mpaka akampiga mwanawe kofi la shavu.

Hospitalini waliwapokea na machela. Sista Gertruda alikuja mbio, akamfunua Najim jicho kwa kidole gumba. Nyuma yake, pale mlangoni, askari alikuwa amekwisha kusimama na kufungua daftari. Na kwenye benchi la wagonjwa, kama Mungu alivyopanga, alikaa Mahmoud, aliyekuja kuchukua karatasi za kifo za mwanawe Abuu.

"Amekula nini? Ametumia nini?" aliuliza Sista Gertruda. "Niambie, mzee. Dawa nitakayompa inategemea."

Adamu alitazama chini. Askari alitazama juu. Mzee Mrisho alifungua kinywa, na neno lililokuja la kwanza, lililozoea njia, lilikuwa malaria. Alilimeza.

"Unga," alisema.

Benchi zima likageuka.

"Unga," akarudia kwa nguvu, kwa sauti ileile ya mkutanoni. "Kajidunga unga. Ni mwanangu, anaitwa Najim Mrisho, andika, afande. Kwenye wizi wa koki za msikitini naye yumo. Andika yote. Lakini wewe, sista, kimbia!"

Sista Gertruda alikuwa amekwisha kukimbia.

Sindano ilichomwa begani. Wakangoja. Mzee Mrisho hakujua kungoja huko. Kazini kwake kila kitu kilikuwa kimekwisha kabla hajafika. Alisimama ameushika ule mguu wa mwanawe uliojaa vumbi, akaviona vitone katikati ya vidole, akavifunika kwa kiganja chake. Kisha akakiondoa kiganja.

Najim alivuta pumzi moja kubwa. Akakohoa. Rangi ikaanza kurudi midomoni, na macho yakafunguka, mekundu, yakihangaika. Mkoba bado ulikuwa chini ya kichwa chake. Alinusa karafuu maiti, harufu ya baba yake tangu akiwa mtoto, akashtuka.

"Baba," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nani kafa?"

"Abuu," alijibu Mzee Mrisho. "Na Sadallah. Na yule fundi rangi."

"Abuu?" Najim alijaribu kuinuka. "Abuu si walisema malaria? Sisi tumechukua kulekule alikochukua Abuu."

Mzee Mrisho aliinua uso. Mahmoud alikuwa amesimama mlangoni karibu na askari, karatasi zimemkunjika mkononi, akimtikisia kichwa polepole: usiseme, ndugu yangu, nakuomba, usiseme.

"Hapana, mwanangu," alisema Mzee Mrisho, huku akimtazama Mahmoud machoni. "Haikuwa malaria. Nilimwosha mimi."