Uzi wa Tatu wa Telesphory

Jumamosi moja asubuhi, mwaka wa operesheni ya vijiji, Telesphory alikaa barazani kwake mtaa wa Mwanga, gitaa la umeme mapajani na bisibisi mdomoni. Jioni bendi yao ilikuwa na dansi, na uzi wa tatu ulikuwa ukivuma kama nzi ndani ya chupa.

Akabadilisha uzi. Ukavuma. Akauinua kidogo kwa kipande cha njiti ya kiberiti. Ukavuma. Akapiga msasa vile vyuma vidogo vya shingo ya gitaa, kimoja kimoja, hadi vidole vikawaka moto. Ukavuma vilevile.

Jirani yake Eufrasia, fundi cherehani, akasimamisha mguu kwenye pedali.

"Kaka, utaumaliza bure huo msasa. Ndani ya uzi huo kuna mtu anasema Kiha, lugha ya kwenu."

Telesphory akatega sikio. Kweli, alikuwa baba yake mdogo, Gervasi, aliyehamishwa na operesheni hiyo akiwa na homa, akapakiwa kwenye lori pamoja na mlango wa nyumba yake, akafa kabla ya kufika kijiji kipya. Ndugu waliambiwa tu kwamba amezikwa huko vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Wamenijengea juu," uzi ukasema. "Kuna meza kifuani kwangu."

Telesphory akamwachia Eufrasia ujumbe kwamba bendi itafute mpigaji mwingine. Akafunga gitaa mgongoni, akapanda baiskeli kuelekea kijiji kipya. Hata mlima uliposhinda baiskeli, aliikokota na kuendelea.

Mbele ya ofisi ya kijiji, uzi ulitetemeka hadi mgongo ukamwasha. Mwenyekiti, Nikodemu, alimpokea kwa heshima.

"Tunamjua mzee. Kila tukifungua kikao anagonga meza. Tumeshaliandika kwenye kumbukumbu."

"Basi hamisheni ofisi, ndugu mwenyekiti."

"Ofisi iko kwenye ramani. Haihamishwi." Nikodemu akamsogezea kiti. "Wanaohamishwa ni watu."

Telesphory hakukaa. Alikwenda hadi mstari wa mwisho wa nyumba, akamchukua Melania, mjane wa Gervasi, ambaye hakuwahi kuonyeshwa kaburi. Wakaketi kwenye ngazi ya ofisi. Telesphory akawa anagusa uzi wa tatu tu, taratibu, na Melania akamweleza mumewe nani amejifungua, mbuzi gani wamekufa, na kwamba shamba jipya lina mawe. Kisha akamuuliza aliliweka wapi jembe.

"Nyuma ya nyumba ya zamani," Gervasi akajibu. "Niliambiwa nitarudi kulichukua."

Tangu siku hiyo Telesphory hakupiga tena dansi la Jumamosi. Alipanda mlima kila wiki. Jumamosi ya nne karani akatoka na ndoo, akawaomba wasogee, maana ukuta wa ofisi ulikuwa unapakwa chokaa.

Wakasogea hatua mbili. Telesphory akakaza uzi, na Melania akaendelea alipoishia.