Thelathini na Mbili

Mzee Arvo Keskitalo aliilaza bunduki yake juu ya kaunta polepole, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa, kisha akavua kofia. Aila, mke wa mwanawe Reino, alibaki nyuma karibu na jiko la kuni, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake. Alikuwa ameendesha gari maili ishirini bila kutamka neno. Mzee hakushangaa, maana Aila hakuwa mtu wa maneno. Lakini asubuhi hiyo hakuwa amefungwa mdomo na haya peke yake.

"Umeniletea niisafishe?" aliuliza Eino, mwenye duka.

"Nimekuletea uichukue. Nipe nyingine badala yake, ya Reino. Akishuka melini Januari aikute."

"Na wewe utawinda na nini, kijiko?"

"Mimi nimemaliza."

Eino alicheka, halafu akagundua anacheka peke yake. Wazee hawa walikuwa wametaniana tangu shule, na hakuna aliyewahi kuliacha neno la mwenzake lianguke chini bila kujibiwa.

"Kwa sababu ya kulungu mmoja? Arvo, mimi nimekosa kulungu wengi kuliko nywele zangu."

"Nywele zako si kipimo cha kitu, mzee mwenzangu. Halafu mimi sikumkosa. Hatua hamsini, amesimama ubavu, nimeegemea dirisha la kibanda cha kuwindia. Nikapiga tatu. Moja taya, moja tumbo, ya tatu Mungu anajua. Tukafuata damu mpaka kwenye kinamasi cha mierezi, giza likatukuta. Kesho yake tulipompata, mbweha walishaanza kumla, na theluji ilionyesha alivyojikokota. Jicho langu limekufa. Mtu wa hivyo akiendelea kushika bunduki si mwindaji. Jumapili niliwaambia wote kanisani, wakati wa kahawa."

Aila aliangalia sakafu. Alikuwapo siku ile ya kufuata damu. Alikuwapo pia kanisani, na sahani ya keki mkononi, wakati mzee aliposimama kusema kwamba amestaafu uwindaji, na wanaume wenzake wakatazama vikombe vyao.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi mzee alimwandikia namba ya risasi za bunduki yake kwenye kikaratasi, thelathini na mbili, akamtuma dukani mjini. Si hapa kwa Eino, bali kule kunakouzwa nyundo na rangi. Kijana wa kaunta alimpa boksi lililoandikwa thelathini-thelathini. Aila alitazama boksi, akatazama kikaratasi. Nyuma yake walipanga foleni wanaume wanne wenye kofia za rangi ya machungwa, mmoja akigongagonga ufunguo kwenye paja. "Hizi ndizo kila mtu anazotumia, dada," kijana alisema. Aila akaona aibu kuuliza, akazichukua. Nyumbani akazimimina kwenye mfuko wa ngozi wa mzee, kama mzee alivyopenda, na boksi likaenda jikoni kuwashia moto.

Baada ya kulungu kupatikana, alitumwa kufagia kibanda. Akaokota maganda matatu ya risasi. Shingo zake zilikuwa zimepasuka na kuvimba, wala hazikufanana na maganda ya miaka ya nyuma yaliyopangwa dirishani. Hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kosa lilikuwa la risasi, si la jicho. Aliyatupa kinamasini kabla barafu haijafunga, na kwa wiki tatu akampikia mzee uji na kumpa kahawa, akimsikiliza akililaumu jicho lake.

Eino alishatoa bunduki mbili na kuziweka sambamba. Zote zilikuwa za kukokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini, kama ile ya mzee.

"Hii ni thelathini na tano," alisema. "Risasi nene, nzito. Kwenye mierezi yenu ile iliyosongamana haiulizi ruhusa ya kupita. Lakini itamkumbusha Reino kwamba ana bega. Hii nyingine ni thelathini-thelathini. Nyepesi, teke lake dogo, na kulungu akiwa karibu haina deni."

Mzee aliinua ya kwanza, akaipima begani, akaiweka. Akaikoki ya pili. Ikalia vizuri, klik-klak, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ukalegea. Halafu macho yakarudi kwenye bunduki yake mwenyewe, akayaondoa haraka.

"Thelathini na tano ingefaa," alisema. "Ila risasi zake watu wazitafute wapi?"

"Thelathini-thelathini utazikuta hata kwenye duka la maziwa."

"Basi nipe hiyo. Aila ndiye anayetumwa mjini." Mzee akamgeukia, akajaribu kutabasamu. "Eti, mwanangu? Hii hata wewe huwezi kukosea."

Ulikuwa utani tu, tena wa upole. Aila alihisi masikio yakiwaka.

"Nilishakosea, Baba."

"Nini?"

"Zile za kulungu zilikuwa hizo. Thelathini-thelathini." Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Eino akainama juu ya kaunta. "Kikaratasi kilisema thelathini na mbili. Niliona si zenyewe. Niliona haya kuuliza."

Aliyejibu ni Eino.

"Zinaingia," alisema taratibu. "Ganda ni ndugu na la thelathini na mbili. Zinaingia na zinalia. Ila risasi ni nyembamba kuliko mtutu, inatoka ikipepesuka kama mlevi mlangoni. Arvo, hata ungekuwa na jicho la mwewe… Maganda yako wapi?"

"Niliyatupa," alisema Aila.

"Lini?" Hilo lilikuwa swali la mzee.

"Siku nilipofagia."

"Siku ileile." Mzee alihesabu kimoyomoyo, na Aila akamwona anahesabu. "Kwa hiyo Jumapili nikiwa nimesimama pale, ulikuwa unajua."

"Nilijua, Baba."

"Risasi ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Hata mimi kijana nilileta chumvi nilipotumwa sukari. Lakini umeniacha nijitoe jicho kwa mkono wangu, nawe ukanikorogea kahawa."

Aila alilia bila sauti. Eino akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta, na alipoinuka alikuwa na boksi dogo, kona zake zimechakaa. Akalisukuma mbele ya mzee. Thelathini na mbili.

Mzee alitoa risasi moja, akaisogeza karibu na macho, kisha mbali, akaigeuza kitako mpaka maandishi yakaonekana.

"Nasoma," alisema, kama anayejishtaki. "Nasoma bila shida. Miaka hamsini nawaambia watoto kwamba risasi anaikagua anayeitia, si aliyetumwa. Nilizitia tatu kwa mkono huu nikimtazama kulungu, sikuzitazama." Alirudisha risasi ndani ya boksi. "Yule mnyama tumemuua vibaya watu wawili, Aila."

Aila alikuwa amedhani kwamba akisema, kifua kitapumua. Hakikupumua. Sasa alimwona kulungu na mzee kwa pamoja, na wote wawili walimtia uchungu.

Mzee alivaa kofia. Akaisukuma thelathini-thelathini upande wa Eino, akaikamata yake kwa shingo ya kitako.

"Ya Reino tutaongea akija mwenyewe. Hii narudi nayo."

"Kwa hiyo hujamaliza?" Eino aliuliza.

"Sijui. Nikijua nitakwambia, na wewe utakitangazia kijiji kizima kabla sijafika nyumbani."

Mlangoni alisimama, mkono kwenye kitasa.

"Jumapili utawaambia wewe. Pale pale kwenye kahawa."

Aila, ambaye hata wimbo kanisani huuimba kwa midomo tu, alijifuta uso kwa kiganja.

"Wote, Baba?"

"Niliwaambia wote." Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira na bila tabasamu. "Nitasimama kando yako. Ukimaliza, nami nitasema kwamba sikukagua. Lakini utaanza wewe."

"Sawa, Baba."

"Sema kwa sauti. Eero wa ziwani hasikii sikio la kushoto."

Akafungua mlango. Theluji ilikuwa imeanza tena. Aila akatangulia kwenda kuwasha gari.