Nyavu Saba za Bibi Harusi

Mama alikuwa na jina lake la tangi la baba: mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamka?" alikuwa akimuuliza asubuhi, na baba, fundi saa asiyejua haraka, alijibu bila kugeuka, "Kaamka, anakusalimu." Tangi lilikaa sebuleni, refu kama kochi letu. Samaki walikuwa watatu tu. Kilichobaki chote kilikuwa matumbawe hai, na maji yao ya chumvi baba aliyachanganya mwenyewe kwenye ndoo, akiyapima kama dawa ya mtoto.

Alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kijani, lenye vidole vinono na ncha za zambarau, vikiyumba mchana kutwa. Aliliita Bibi Harusi, kwa sababu lilipofika nyumbani lilijikunyata siku kumi na moja pasipo mtu kuona uso wake. Baadaye alilikata tawi moja kwa msumeno mdogo, akampa rafiki yake, daktari wa meno, aliyekuwa na tangi pale wagonjwa wanaposubiri. Nililikuta huko kila nilipopelekwa kung'olewa jino, na nakiri nililichukia kidogo.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Wiki ile ya msiba nyumba ilifurika watu, na matumbawe yote yakafa. Plagi ya pampu ilikutwa sakafuni, maji yamesimama na yananuka. Watu walisema ni watoto, watoto hawaachi waya. Niliwaacha waseme. Mama akatandika kitambaa juu ya tangi kavu, akaweka redio.

Mwaka huu daktari wa meno akanipigia simu kazini.

"Nastaafu, mwanangu. Tangi langu navunja. Mengi yalikufa kwa joto, lakini lile tawi la baba yako limebaki kichwa kimoja. Ndicho cha mwisho. Nakupa wewe."

Nililia palepale, mteja akinikodolea macho, gauni lake limejaa pini zangu.

Mimi ni fundi cherehani, na kwa bahati mbaya ni wa wale wanaokata kwanza wakapima baadaye. Daktari alilijua hilo. Alinipa mawe ya tangi lake, akaniamuru nikae na maji na mawe miezi miwili, tangi likomae, kabla ya kukanyaga kwake tena. Nilivumilia. Redio ya mama ikahamia juu ya kabati, mama akanuna siku mbili, yakaisha.

Siku ya kulileta tumbawe nilifungua sanduku la zana za baba, nikakuta vipande saba vya wavu wa dirisha, vimekatwa sawasawa na kufungwa kwa mpira. Nilivijua. Vilitoka dirisha la chumbani kwao, na mama aliwalalamikia mbu mwaka mzima. Kila tumbawe geni lilipoingia, baba alivitandaza vyote saba chini ya taa, kisha akaondoa kimoja kila baada ya siku nne, ili mwanga usiliunguze. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema. "Huyu jembe lake mwezi wa pili."

Basi nikafuata yote. Mfuko uliombeba niliuacha uelee juu ya maji mpaka joto likalingana. Kisha nikamhamishia mgeni ndooni na kumdondoshea maji ya tangi, tone kwa tone, kwa mpira mwembamba nilioupiga fundo, saa nzima. Nikamwogesha dawa ya kuua wadudu. Nikamweka chini kabisa, pembeni, mahali ambapo maji hayampigi kwa nguvu. Nikatandaza nyavu saba.

Hakufungua vidole. Siku ya tatu hakufungua. Siku ya tano nikamsogeza kulia. Siku ya saba nikamrudisha kushoto, nikaongeza kasi ya pampu, nikampa chakula ambacho hakuomba. Siku ya nane nikamsogeza tena. Siku ya tisa zilikuwa zimebaki nyavu tano. Alikuwa bado kifundo cha kahawia juu ya jiwe. Nikaona baba anakufa mara ya pili, tena mikononi mwangu. Nikashika nyavu zote tano nizing'oe.

"Unafanya nini?" Mama alikuwa mlangoni na nguo alizokuwa akikunja.

"Linakufa, mama. Linataka mwanga."

"Limekwambia?"

Alivaa miwani, akainama hadi pua ikagusa kioo. "Njoo hapa. Tazama chini, nyama inapokutana na jiwe. Hilo ndilo pindo lake. Limefumuka?"

Nilitazama kwa macho ya fundi. "Halijafumuka."

"Basi yuko hai. Baba yako alikuwa akisema, pindo likishika, weka mikono mfukoni. Wewe umemhamisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Mtu akuhamishe chumba mara tatu kwa wiki, wewe ungemfungulia mlango?"

Sikujua kama mama anayajua hayo. Miaka yote ile ya kulalamika, kumbe alikuwa anasikiliza. Nikaziachia nyavu, na neno nililolimeza miaka sita likatoka lenyewe.

"Mama, ile plagi ya pampu niliichomoa mimi. Nilitaka soketi ya birika, nikasahau kuirudisha. Hawakuwa watoto."

Mama aliketi. Nguo zilibaki mapajani.

"Chai ile ulimpikia nani?"

"Wewe."

"Nilikuwa sijala siku mbili. Nilikunywa vikombe viwili." Akavua miwani. "Na plagi niliiona, mwanangu. Ilikuwa miguuni pangu. Niliitazama tu. Sikuwa na nguvu ya kuinama." Akafuta miwani kwa kanzu ya mtoto wa kaka yangu. "Kisha nikabaki sina hata wa kugombana naye."

Nilimkumbatia pamoja na nguo zake, zikakunjamana zote, na safari hii hakunigombeza.

Tangu siku ile nilitia mikono mfukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona suti. Mama alihamishia kiti chake mbele ya tangi, kunilinda, alisema. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu nilikuwa napiga mswaki niliposikia sauti yake ikipanda.

"We! Njoo haraka! Mke mwenzangu kaamka!"

Vidole vilikuwa nje. Vichache, vya kijani, vinayumba. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo na machozi yanamtoka, anacheka.

Wavu wa saba niliuondoa Jumapili, kaka yangu alipokuja na familia. Alilitazama tumbawe kwa muda mrefu. Kisha simu yake ikalia kuomba chaji. Akainama nyuma ya tangi kutafuta soketi, akashika plagi.

Mama alikuwa jikoni, ametupa mgongo.

"Hiyo ina mwenyewe, baba," alisema bila kugeuka. "Tafuta nyingine."