Mzee Prentiss Anaanguka Tena

Watu wa televisheni sikuwaamini tangu walipopiga simu. Miaka kimya, halafu ghafla: "Tunamtaka Bwana Alvah Prentiss. Nafasi ni ndogo, lakini huenda ikawa ya kila wiki." Huenda! Mume wangu alijaza kumbi za sinema bila kutamka neno, enzi za picha zisizo na sauti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtupia keki za krimu usoni. Leo Hollywood hiyohiyo inampa nafasi ya mhudumu wa hoteli anayeteleza na bakuli la supu. Basi.

"Wananitaka wa nini, Luella?" aliniuliza asubuhi akifunga viatu.

"Waucheke uzee wako. Kama wale wa filamu ya mwaka juzi."

Wale walimvika matambara, wakamketisha kwenye benchi, wakasogeza kamera hadi kwenye mikunjo ya shingo. Hata kukohoa hakuruhusiwa.

"Leo wasipocheka, sikanyagi tena studio," akasema. "Nitajua nimekwisha."

Alimaanisha. Nikaogopa, maana mtu huyu asipochekesha hata chakula hakipiti.

Mwongozaji, kijana aitwaye Feldkamp, alitupokea kwa tabasamu la muuza gari bovu. "Karibu mzee wetu! Karibu mama!" Mzee wetu, tangu lini?

Kamera ikaanza. Alvah akatoka na sinia, akateleza, akazunguka, akaanguka chali, bakuli likiwa bado juu mkononi, halijamwaga hata tone. Akaketi. Akashusha pumzi, kaokoka. Ndipo supu yote ikammwagikia kichwani. Jamani, nilikuwa nimesahau anavyojua kazi yake!

Ukumbi, kimya. Kimya cha matangani.

Sisi wa zamani, mafundi wasipocheka nyuma ya kamera, tulijua kichekesho kimekufa. Unasimama, unabuni kingine. Alvah akasimama, supu ikimchuruzika masikioni. "Samahani, vijana," akasema, akatoka nje.

"Kata!" Feldkamp akaita, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikawaka. "Mnamcheka mtu anayeomba radhi? Nyinyi hamna wazazi?"

Fundi wa sauti akatoa leso kinywani, macho yamejaa machozi. "Mama, tulikuwa tunakufa hapa! Maiki iko wazi. Ukicheka kabla ya 'kata', unafukuzwa kazi."

Maneno matamu hayo. Nusu nikayaamini, nusu nikayatema. Nikamgeukia Feldkamp. "Kwenye kichekesho hiki pana mtu anayeongea?"

"Hapana."

"Sasa maiki ya nini? Izimeni!"

Alvah nilimkuta mlangoni akijifuta. Nikamweleza. Akanikazia macho.

"Umewaambia wacheke?"

"Nimewaambia wasijizuie."

"Ni yaleyale."

"Si yaleyale, kichwa ngumu we!"

"Unanihurumia, Luella. Na wao umewaambukiza." Akalitupa taulo. "Haya. Nitajua mwenyewe."

Wakambadilishia koti, wakamjazia bakuli. Maiki ikazimwa, kamera ikaanza. Alvah akatoka, na kabla hata hajafika palipo na utelezi akajibwaga chini kama gunia la viazi. Supu ikatapakaa sakafuni. Hakuzunguka, hakushusha pumzi. Kuanguka kwa mlevi yeyote wa mtaani.

Hakuna aliyecheka. Fundi wa taa akawa anatazama viatu vyake. Feldkamp akakohoa. "Ee... mzee, hiyo haikukaa vizuri. Tukirudia?"

Machozi yakanilenga. Nikasema moyoni, ndiyo mwisho wake, mbele ya watoto hawa.

Lakini Alvah pale chini alikuwa anachekelea, meno yote nje.

"Luella!" akaniita. "Umeona? Hawakucheka!"

"Nimeona, na wewe unafurahia nini?"

"Nimeanguka ovyo makusudi, mwanamke! Wangekuwa wamepangwa, wangecheka tu." Akamnyooshea Feldkamp mkono amwinue. "Kijana, nilidhani wewe ni mwongo. Niletee supu nyingine."

Akaanguka sasa kwa namna yake. Alipozunguka walianza kuchekacheka, alipoketi wakawa wanakanyagana kwa kicheko, na supu ilipommwagikia, fundi wa taa alishikilia ngazi asiporomoke. Feldkamp alisahau kusema "kata".

Alvah hakuinuka. Alibaki ameketi kwenye supu, kafumba macho, anawasikiliza.