Korosho kwa Jina la Mboni

Aliyefiwa huletewa ubani. Aliyefilisika hunyang'anywa hata kibao cha mbuzi. Abilahi alikuwa na duka la bati na saruji Mitwero, duka la kutajwa, nusu ya nyumba za mtaa ule zimeezekwa kwa bati lake. Siku mahakama ilipomtangaza mufilisi, watu wale wale waliolala chini ya bati hilo walikuja kununua meza yake ya chakula. Sisemi wamekosea. Mnada ni mnada. Lakini jamani, ukinunua meza ya jirani yako, angalau usimwombe akusaidie kuibeba! Mmoja alimwomba, na Abilahi akaibeba.

Mkewe, Nusaiba, alivumilia kwenye chumba cha kupanga kinachovuja, mpaka ndugu zake wakaja wakamrudisha kwao Sudi. Hawakudai talaka. Walisema tu, "Ukipata pa kumlaza, shemeji, njoo umchukue. Msimu wa korosho ukipita hivi hivi, tutazungumza mengine." Abilahi alijua hayo mengine ni yapi. Tangu hapo hakuwa na haja nyingine duniani ila hiyo moja: apate vyumba viwili vilivyoezekwa, Nusaiba arudi.

Akaenda Rutamba, kwenye mikorosho aliyoiacha marehemu mama yao. Ilikuwa yao wawili, yeye na dada yake Mboni. Yule bwana aliyewekwa na mahakama kuuza vitu vyake alikwisha kumwambia wazi kwamba cha kuuzwa kimeuzwa, na atakachokipata kwa jasho lake baada ya hapo ni riziki yake. Basi mtu aliyezoea kukaa dukani na kalamu sikioni akashika jembe. Akapalilia, akapuliza dawa ya salfa mpaka kope zikawa njano, akaokota, akakausha. Mungu si Athumani, mikorosho ikazaa.

Ila korosho huku huuzi kwa kupeana mikono. Unazipeleka chama cha msingi cha wakulima, zinapimwa, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, na hela inaingia benki kwa jina la aliyepima. Benki tu, si kwingine. Asiye na akaunti akawatafute kangomba, wale wanunuzi wa kificho wanaokuja na kopo lao na kukupa bei ya kukutukana. Na akaunti ya Abilahi ilifungwa siku ile ile lilipofungwa duka.

Akavaa shati lake la Ijumaa, akaenda benki moja ya Lindi mjini. Aliyempokea ni binti mmoja aitwaye Dativa.

"Shikamoo baba. Karibu, kaa."

"Marahaba, mwanangu. Nataka akaunti. Ndogo kabisa. Sitaki mkopo, sitaki kadi, sitaki hundi. Pa kupokelea hela ya korosho tu, niitoe, niende zangu."

Dativa akaliingiza jina lake kwenye kompyuta, akatazama, akatazama tena. "Baba, mfumo unakataa. Jina lako limewekewa alama."

"Alama ya nini? Mimi sikopi."

"Naelewa, baba. Ila mfumo hautofautishi anayekuja kukopa na anayekuja kuweka."

"Na wewe je? Wewe hutofautishi?"

Binti akainamisha macho. Alikuwa na huruma, mtoto wa watu, na huruma ile ilimuuma Abilahi kuliko matusi, maana angefukuzwa kwa ukali angalau angepata la kusimulia. Akaambiwa arudi akishapata hati ya mahakama ya kumtoa kwenye ufilisi. Hati yenyewe ni ya miaka, na korosho hazingoji miaka. Benki siku hizi wana adabu sana, wanakunyima huku wamekupa kiti na maji ya baridi.

Mboni alipomwona anarudi na uso ule akajua amekataliwa. Alikuwa dada mkubwa, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Pimia kwa jina langu," akasema. "Akaunti ninayo, kidole gumba ninacho, na akili ya kujua magunia yako na yangu ninayo pia."

"Na Hussen?"

Hussen ndiye mume wa Mboni, na ndiye kaka wa Nusaiba. Ndugu wawili hawa walioana na ndugu wawili wale, na mambo yalipokuwa mazuri, yalikuwa mazuri kwa wote. Kisha Hussen akamdhamini Abilahi kwenye ule mkopo wa duka, akaweka kiwanja chake cha Mitwero. Kukopa harusi, kulipa matanga: duka likaanguka, kiwanja kikaenda nalo. Hussen hakumtukana mtu. Aliikalisha familia yake akasema, "Katika nyumba yangu, jina la mtu lisiandikwe tena popote kwa ajili ya Abilahi. Atakayeliandika, mimi na yeye basi." Naye si mtu wa kusema mara mbili.

"Hussen hatajua," Mboni akasema. "Korosho zina sura? Lakini na wewe uniapie. Usimwambie mtu, hata mkeo. Nusaiba akijua asubuhi, kaka yake amejua kabla ya adhuhuri."

"Dada, nikakugombanishe na mumeo?"

"Hayo ni yangu na mume wangu. Yako wewe ni kubeba magunia. Tangu lini nikakuacha ulale nje?"

Abilahi akaapa. Korosho zikapimwa zote kwa jina la Mboni.

Mwaka ule bei ikawa nzuri, ya kuchekea. Chama kilipotangaza kwamba hela imeingia, Mboni alikuwa kitandani, kichwa kinamgonga, akisema ni malaria tu. Kadi ya benki hakuwa nayo. Hela yake aliitoa dirishani kwa kidole, yeye mwenyewe kwa miguu yake.

"Kesho twende Lindi," akamwambia Abilahi alipokuja kumjulia hali. "Nikutolee hela zako ukamchukue mkeo, usituozee hapa."

Abilahi akamtazama midomo ilivyomkauka. Moyo wake, tusidanganyane, ulitaka kesho. Ungeweza, ungetaka leo hii. Lakini akaona haya. Mgonjwa humwinui kitandani ukampakia kwenye bodaboda, vumbi lote lile kutoka Rutamba mpaka mjini, eti kwa sababu ya hela yako.

"Upone kwanza, dada. Korosho ndizo huoza. Hela haiozi."

"Haya bwana, tajiri," Mboni akacheka, kisha akashika kichwa kwa sababu kucheka kulimuumiza.

Adabu ile ndiyo iliyomponza. Alfajiri Mboni alizidiwa. Walipomfikisha hospitali wakaambiwa ni presha, imepanda mpaka kichwani. Akakata kauli, na kabla ya mchana akakata roho.

Abilahi alilia. Alimlilia dada yake, mtu asije akasema vingine, alimlilia Mboni aliyemlea mgongoni. Wazo la hela lilimjia baadaye, akiwa ndani ya kaburi anachimba na wenzake, likamjia bila hodi. Hela za korosho ziko benki kwa jina la maiti. Alijichukia pale pale. Akalinyanyua jembe akachimba kwa hasira mpaka wenzake wakamwambia apumzike.

Aliporudi nyumbani kwa Hussen akamwona Nusaiba. Alikuwa amefika kutoka Sudi, amekaa barazani na wanawake, kanga kichwani. Macho yao yakakutana. Nusaiba akamtikisia kichwa, kidogo tu, kwa upole ambao Abilahi alikuwa ameusahau.

Jeneza likatolewa uani. Kabla ya kuswaliwa, shehe akasimama kando ya Hussen, akatangaza kama ilivyo desturi.

"Ndugu zangu, dada yetu Mboni anaondoka. Kama yupo anayemdai, kikubwa au kidogo, ajitokeze sasa. Mumewe huyu hapa, yuko tayari kumlipia. Na kama yupo anayedaiwa naye, vilevile aseme. Roho ya maiti hufungwa na deni, tusimfunge dada yetu."

"Yeyote," Hussen akasema, sauti imemkauka. "Hata kama ni la chumvi. Nitalipa."

Na angelipa. Hussen alikuwa mtu wa dini, angelipa siku ile ile. Abilahi, mtu aliyedaiwa na mji mzima, leo yeye ndiye anayedai, na anayemdai yumo jenezani. Neno moja tu, na vyumba viwili vinaezekwa. Lakini Hussen angeuliza: hela gani, na imefikaje kwa mke wangu? Hapo angejua, mbele ya umma na mbele ya maiti, kwamba mkewe alimzunguka kwa ajili ya mtu yule yule ambaye yeye alimkataza kumsaidia. Angemzika na kinyongo. Na Abilahi akinyamaza, deni linakwenda naye Mboni shimoni. Labda amsamehe kimoyomoyo. Akajaribu. Nimekusamehe, dada, akasema ndani kwa ndani, na moyo ukamjibu: bati. Nusaiba.

Sijui miguu ilimtoaje. Alijikuta mbele ya watu, kando ya jeneza, na uwanja mzima umegeuka kumtazama.

"Naam, Abilahi," shehe akasema. "Unamdai?"

Nyuma huko mtu akaguna. "Makubwa! Mufilisi naye anadai!"

Hussen alikuwa akimtazama. Macho yake mekundu yalikuwa ya mtu aliyempenda mkewe na hana shaka naye hata chembe. Abilahi akaiona ile hali ya kutokuwa na shaka, akaona kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kuiua.

"Nadaiwa," akasema. "Mimi ndiye ninayedaiwa naye."

Uwanja ukashusha pumzi. Lo, hilo lilieleweka! Wengine walitikisa vichwa, wengine wakatazama chini kwa aibu ya mtu mwingine.

"Ni kiasi gani?" shehe akauliza.

"Kikubwa. Siwezi kukilipa."

Hussen akamsogelea, akamwekea mkono begani, machozi yanamtiririka. "Mboni hakuniambia," akasema. "Alijua ningekasirika. Shemeji, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa, mimi na wanangu tumekusamehe. Hudaiwi kitu."

"Mungu amlipe kheri!" watu wakasema. Wazee wawili walifuta macho. Ilikuwa kweli ni jambo la kiungwana, na Hussen alilifanya kwa moyo mweupe. Abilahi akaushika mkono wa shemeji yake kwa mikono yake yote miwili, kwa sababu watu walikuwa wanangoja ashukuru.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Ahsante sana."

Walipolibeba jeneza, uzito wake ukiwa begani, akajaribu tena. Nimekusamehe, dada. Safari hii moyo haukujibu neno, na akalia mpaka makaburini, wala hakuona haya.

Baada ya maziko akamkuta Nusaiba njiani, nje ya nyumba, na mkoba mkubwa miguuni. Gari la watu wa Sudi lilikuwa linapakia.

"Wifi alinipigia simu juzi," Nusaiba akasema. "Aliniambia nifungashe nguo zangu, una habari njema, utanijia wiki hii hii. Nikafungasha. Nilivyosikia amefariki nikaja nazo hivyo hivyo. Nikasema baada ya msiba nibaki nawe, popote pale, hata kama panavuja."

Abilahi akautazama ule mkoba.

"Kumbe habari njema yenyewe ni mkopo. Abilahi, hata wifi? Kaka yangu umemmalizia kiwanja, ukaenda kwa mkewe kwa siri?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sema si kweli. Sema tu, mimi nitakuamini wewe, niwaache wote hawa."

Uani, Hussen alikuwa akikunja mikeka ya msibani, akimweleza mzee mmoja jinsi Mboni alivyokuwa, kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumficha jambo ila hilo moja, na hilo nalo kwa huruma.

"Ni kweli," Abilahi akasema.

Nusaiba akajifunika uso kwa kanga, akaunyanyua mkoba, akaenda kupanda gari la Sudi na nguo zake zote.