Msimu Kiti Kilipokaa Wazi

Ntemi Mwandu alipofariki, wanawe wawili walimlilia pamoja na kumzika pamoja, na matanga yalipokwisha wakaacha kusalimiana.

Utemi wa siku hizi hauna jeshi wala kodi. Ntemi wa kijiji chao, mbugani nje kidogo ya Kasoli, hualikwa kwenye mikutano ya wilaya akaketishwa safu ya mbele. Husuluhisha wanaogombea mipaka ya malisho, na mwezi wa kumi na moja, mawingu yakianza kujikusanya, hugawa mbegu ya kwanza mbele ya ikulu, boma la watemi, na kuiombea mvua. Hayo tu. Lakini kiti ni kiti, na safari hii kilikuwa na watu wawili wanaokitaka.

Shigela, mkubwa, alikuwa mtoto wa mke wa kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na ushee na hakuwahi kuhama nyumbani. Maisha yake yote yalikuwa ni ng'ombe wa baba yake. Jilala alikuwa mtoto wa mke wa tatu, Nyamizi. Yeye aliishi Bariadi mjini, akikodisha matrekta kwa wakulima wa pamba, na watu walimheshimu kwa sababu trekta lake likiahidiwa Jumatatu lilikuja Jumatatu.

Sababu iliyomfanya Jilala autake utemi hakuwahi kumwambia mtu. Nyumba ya mama yake ilikuwa nyuma kabisa, karibu na zizi. Kila sherehe, wake wakubwa walitandikiwa ngozi mbele, watu wakapiga magoti kuwaamkia, na Nyamizi akala jikoni na wapishi. Jilala aliyaona hayo akiwa mdogo, akayaona akiwa kijana, akayaona hata siku ya msiba. Alitaka siku moja tu mama yake akae mbele, aitwe mama wa ntemi.

Kazi ya kuchagua ilikuwa ya banang'oma, wazee wanaotunza ngoma na kiti cha utemi. Wazee hao waligawanyika. Wengine walisema Shigela, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani. Wengine walisema Jilala, kwa kuwa anajulikana mpaka mkoani na ana uwezo wa kuongea na wakubwa. Wakakaa, wakavunja kikao, wakakaa tena. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, kiti kiko wazi, na kila ndugu akatangaza kwa upande wake kwamba Jumamosi ya kugawa mbegu yeye ndiye atakayezigawa.

Asubuhi hiyo Jilala alitoka Bariadi na pikapu yake, nyuma yake matrekta mawili yakivuta matela yaliyojaa vijana wanaoimba. Watu wa Shigela walikuja kwa miguu, na ngoma. Pande zote mbili zilikuwa na fimbo, na kila upande ulisema fimbo ni za kuchezea ngoma. Walikutana kwenye korongo kavu lililo chini ya ikulu.

Korongo lile lina habari yake. Zamani sana, kabla Wajerumani hawajafika, ndugu wawili wa ukoo huohuo walipigana humo na watu wao kwa mikuki na mishale, wakigombea kiti hichohicho. Aliyeshinda ndiye babu wa babu yake Jilala. Aliyeshindwa alimchukua mama yake, wake zake na ng'ombe waliosalia, akahamia upande wa Ipililo. Watoto wa kijiji husimuliwa vita hivyo wakiwa bado wanachunga ndama, na msimulizi huishia pale mshindi anapokaa kitini.

Hakuna aliyejua nani alianza. Kijana mmoja alisukumwa, mwingine akaangusha ngoma, na fimbo zikaanza kulia. Vumbi lilipanda likafunika matrekta. Wanawake waliokuja na vikapu kuchukua mbegu walirudi nyuma hadi ukingoni wakasimama wanatazama, wengine wakiita wanao kwa majina warudi. Jilala alipenya katikati akiwa na fimbo ya mpingo, akiwa hamtafuti mtu mwingine ila Shigela, na vumbi lilipopungua kidogo akamwona kaka yake mbele yake, hatua mbili tu, kofia imemwanguka.

"Nipishe, kaka," Jilala alisema.

"Nikupishe uende wapi? Hapa si kwetu sote?"

"Nipishe, nimesema."

Shigela hakupisha. Jilala akainua fimbo akapiga. Shigela naye alikuwa na fimbo mkononi lakini hakuitumia. Aliinua mkono mwingine kukinga kichwa, na pigo likatua hapo. Mlio wa mfupa ule Jilala aliusikia mpaka kwenye meno yake.

Waliokuwa karibu waliacha kupigana, kisha walio mbali kidogo, kisha wote. Kijana mmoja wa upande wa Jilala alianza kushangilia, wenzake wakamziba mdomo. Shigela aliketi mchangani taratibu, akautazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo.

"Huu leo haukamui," alisema.

Jilala aliitupa fimbo. "Leteni gari," aliwaambia watu wake. "Leteni gari hapa, upesi!"

Alimpeleka mwenyewe. Barabara ya kwenda Bariadi ilikuwa na mashimo, na kila shimo Shigela alifumba macho. Jilala akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka baiskeli zikawa zinawapita.

"Ukienda hivi tutafika nimeshapona," Shigela alisema.

Jilala alicheka, na kicheko hicho kikamgeukia kuwa kilio, ikambidi asimamishe gari pembeni. Shigela alisubiri, mkono amejiwekea mapajani kama mtoto aliyelala.

"Ulikuwa na fimbo," Jilala alisema alipoweza. "Kwa nini hukunipiga?"

"Nilitaka. Nilikuwa natafuta roho ya kukupiga, wewe ukawahi."

"Nisamehe, kaka."

"Sasa hivi naumwa, Jilala. Niombe siku nyingine. Endesha gari."

Hospitalini walipokewa na muuguzi kijana aitwaye Winnie. Aliutazama mkono, akawatazama wote wawili walivyojaa vumbi, akauliza mzee amepatwa na nini.

"Dume la ng'ombe," Shigela alijibu.

"Na hilo dume liko wapi?"

"Ndilo lililonileta."

Winnie alimwangalia Jilala kwa muda mrefu. Jilala akatazama chini. Akasema wazi kwamba ni yeye aliyempiga, na kwamba ni kaka yake. Basi ikabidi waende kwanza kituo cha polisi, kama sheria inavyotaka, na huko Shigela akakataa kabisa kumshtaki mtu. Jioni mkono ulikuwa umefungwa plasta, na Jilala akamrudisha kaka yake nyumbani.

Kesho yake asubuhi alikwenda nyuma ya zizi kwa mama yake. Nyamizi alikuwa ameketi mlangoni anabangua karanga.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia.

Nyamizi aliendelea kubangua. Baada ya muda ndipo akasema, "Wanasema umemvunja Shigela."

"Ni kweli, mayu."

"Kwa sababu gani?"

Jilala akamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa maneno hayo kinywani: ngozi zinazotandikwa mbele, magoti, chakula cha jikoni. Alipomaliza, mama yake alikuwa ameacha karanga.

"Nani alikwambia mimi nataka magoti ya watu?"

"Nimekuona miaka yote, unakaa na wapishi."

"Nakaa na wapishi kwa sababu ndiko kwenye maongezi. Kule mbele wanakaa kimya mpaka miguu inakufa ganzi." Alipangusa mikono kwenye khanga. "Miaka yote hiyo unanionea huruma, mwanangu, na hukuniuliza hata siku moja."

Jilala alikaa chini akaanza kubangua karanga pamoja naye, na mama yake hakumfukuza.

Siku ile ile wazee walimwita. Walikuwa wamekaa ndani ya ikulu, na msemaji wao alikuwa Ndaki, mzee mwenye macho mekundu ya moshi na sauti ndogo. Jilala alitarajia kukemewa. Badala yake Ndaki alisema, "Sisi tulishindwa kuchagua. Fimbo imechagua. Hata zamani ilikuwa hivyo. Kiti ni chako."

Kiti chenyewe kilikuwa pale ukutani, kifupi, cheusi kwa mafuta ya miaka. Jilala alikitazama. Mtu ambaye angesema Jilala hakukitamani asingekuwa mkweli. Alikitamani sana. Alijiona amekaa, akaona na safu ya mbele wilayani, na kofia ya manyoya kichwani.

"Guku," alimwita mzee kwa heshima, kama mjukuu, "yule aliyeshindwa zamani, watu wake hawakurudi kamwe?"

"Walio Ipililo? Hawajarudi."

"Hata kwenye msiba wa baba hawakuja?"

"Hawajawahi kuja kwenye msiba wowote wa hapa. Nasi hatuendi kwao."

Jilala alikigeuzia kiti mgongo. "Basi mimi sikitaki. Mpeni Shigela. Nikikaa hapo, watoto wake na wangu hawatazikana, misiba ya wenzao wataisikia kwa mbali tu."

Wazee waliguna. Mmoja alisema kiti hakikataliwi kama uji. Mwingine akakumbusha jambo baya zaidi: ntemi hawekwi kitini akiwa na kiungo kilichovunjika, maana nchi itavunjika naye. Walibishana hadi jua likageuka. Mwishowe Ndaki akaamua kwamba mbegu watagawa wazee wenyewe, na kiti kitakaa wazi mpaka mkono wa Shigela upone.

"Na shamba lake nani atalima?" Ndaki aliuliza, akimtazama Jilala.

Hilo halikuhitaji kikao. Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, Jilala alileta trekta, akalipanda mwenyewe bila dereva, akalima shamba lote la kaka yake kabla ya kugusa la mteja yeyote. Akawa anakuja kila wiki. Alipalilia pamba. Alikamua ng'ombe, vibaya, na ng'ombe mmoja mwekundu alimpiga teke akamwaga ndoo nzima, wake za Shigela wakacheka wakashikana mabega. Shigela alikaa kivulini, mkono shingoni, akitoa amri.

"Leo je?" Jilala humuuliza kabla ya kuondoka. "Leo naweza kukuomba?"

"Bado unauma," Shigela hujibu.

Ilikwenda hivyo mpaka pamba ikatoa maua. Siku moja walikuwa wanapulizia dawa ya wadudu, plasta imeshatolewa, Shigela akasimama katikati ya mistari.

"Ile habari ya msamaha," alisema. "Nilikusamehe wiki ile ile."

"Wiki ile ile! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unalima vizuri."

Jilala alimrushia kitambaa cha pua, na wote wawili wakakaa chini kwenye mistari ya pamba wakacheka.

Shigela alisimikwa mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshauzwa. Mkono ulikuwa umepona, ila ulipinda kidogo chini ya kiwiko. Wazee waliutazama, kisha wakakubaliana kutoutazama sana. Ngoma zililia tangu asubuhi. Vijana wa pande zote mbili walicheza uwanja mmoja, mwanzoni wakijitenga, baadaye wamechanganyika mpaka hujui nani ni wa nani. Jilala ndiye aliyemshika kaka yake bega akamkalisha. Alipoachia, tamaa ile ikamjia tena, kidogo, akaacha ipite.

Alasiri aliondoka kurudi Bariadi. Kasoli alisimama kunywa chai kwenye kibanda kando ya barabara, ambako malori ya pamba yalikuwa yanapakiwa. Mkulima mmoja, jina lake Athanasi, alimsogelea na kikombe chake.

"Wewe si mdogo wake ntemi mpya?"

"Ndiyo mimi," Jilala alisema.

"Na matrekta ni yako?"

"Yangu."

Athanasi akavuta benchi, akaketi karibu yake, na wakaanza kupatana siku ya kulima.